Usingoje Kifua Kilie: Kumtunza Mtoto Mwenye Pumu

Mazungumzo haya ya afya yametayarishwa ili yasomwe katika mikutano ya wazazi shuleni, baraza za machifu, vikundi vya akina mama na kliniki za watoto kabla ya msimu wa baridi. Msomaji anaweza kusimama kila sehemu inapoisha ili wasikilizaji waulize maswali.



Msimu wa baridi u karibu. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, na jua huweza kupotea siku kadhaa mfululizo Nyeri mjini, Othaya, Tetu na Karatina. Watu hufunga madirisha, huwasha makaa, na watoto hulala wakiwa wamebanana ili wapate joto. Mafua huzunguka nyumba hadi nyumba. Ndio wakati ambapo mzazi huamshwa usiku na mtoto anayekohoa bila kukoma na anayevuta pumzi kwa shida. Kwa baadhi ya watoto hao, tatizo lina jina lake: pumu.

Chukua mfano ambao wengi wameuona. Mtoto wa miaka saba anakohoa usiku wa manane. Mchana yuko sawa, ila akikimbia na wenzake anasimama njiani akishika kifua. Mama ananunua dawa ya kikohozi, na mara nyingine antibayotiki. Mtoto anapata nafuu, kisha baada ya wiki tatu kikohozi kinarudi. Jirani anasema ni baridi, avalishwe sweta mbili. Nyanya anasema ni kifua cha ukoo, ataacha akikua. Mwaka unapita hivyo, mpaka usiku mmoja mtoto anashindwa kumaliza sentensi, na bodaboda inatafutwa saa nane za usiku.

Hospitalini anapewa dawa ya kuvuta, kifua kinafunguka, na anarudi nyumbani na inhela mbili. Mwezi mmoja baadaye, kwa kuwa hajakohoa tena, inhela moja inawekwa kabatini. Wiki chache zinapita, na bodaboda inatafutwa tena.

Mama huyo hakukosea usiku ule. Alimkimbiza mtoto hospitalini, na ndivyo inavyopaswa. Kosa lilitokea siku tulivu, pale inhela ilipowekwa kabatini. Hilo ndilo jambo kuu la mazungumzo haya: pumu hutibiwa kila siku, hata kifua kikiwa kimya.

Pumu ni nini

Hewa huingia kwenye mapafu kupitia mirija inayogawanyika kama matawi ya mti. Kwa mtoto mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo huwa imevimba kidogo wakati wote, hata anapocheza na kucheka. Kwa sababu ya uvimbe huo, mirija hukasirika upesi. Mtoto akivuta moshi, vumbi au hewa baridi, au akipata mafua, misuli inayozunguka mirija hukaza, uvimbe huongezeka na makohozi mazito huziba njia. Hewa inapopita kwa shida ndipo husikika ule mlio kama filimbi kifuani.

Kwa hiyo baridi peke yake haileti pumu. Baridi huamsha pumu iliyokuwepo tayari. Ugonjwa huu hurithiwa mara nyingi katika familia zenye pumu, ukurutu wa ngozi au mafua ya mzio. Hauambukizwi. Mtoto hawezi kuupata kwa kulala kitanda kimoja na ndugu yake wala kwa kunywa kikombe kimoja na mwenzake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha wastani, ambako wagonjwa hawatambuliwi mapema au hawapati dawa ya kuzuia.

Wapo wanaodhani pumu ni ugonjwa wa mjini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwapima watoto zaidi ya 1,200 wa shule za msingi za Nairobi na za wilaya ya Murang'a, majirani wa Nyeri. Watoto walikimbia, kisha pumzi zao zikapimwa. Mjini, zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano mirija yake ilijibana baada ya mbio. Mashambani alikuwa karibu mmoja kati ya wanane. Si wote hao walikuwa na pumu, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwamba katika darasa lolote la miteremko hii kuna uwezekano wa kumpata mtoto ambaye kifua chake kinahitaji kuangaliwa.

Si kila kifua ni pumu

Dalili za pumu ni nne: kikohozi, mlio wa filimbi kifuani, kubanwa na kifua, na kukosa pumzi. Dalili hizo huja na kwenda. Huzidi usiku na alfajiri, baada ya kukimbia, au mtoto anapocheka au kulia sana. Kuna watoto wenye pumu ambao hawatoi mlio wowote, hukohoa tu usiku.

Hata hivyo, mzazi asijipimie nyumbani. Mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano anaweza kutoa filimbi kifuani kwa sababu ya virusi vya mafua, na hali hiyo ikaisha anapokua. Homa kali pamoja na kupumua haraka huweza kuwa nimonia. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, mtoto anayepungua uzito, au mtu mwenye kifua kikuu nyumbani, ni sababu ya kupimwa kifua kikuu. Na mtoto aliyekuwa mzima kisha akaanza kukohoa na kupaliwa ghafla akila au akicheza huenda amevuta punje ya mahindi, njahi au kipande cha karanga kwenye njia ya hewa. Huyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Njia ya kumsaidia daktari au afisa wa kliniki ni kuandika. Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, saa ambayo mtoto alikohoa, alikuwa akifanya nini, na nini kilimpa nafuu. Kurasa mbili za daftari hilo humwonyesha daktari mambo ambayo mtoto akiwa ametulia kliniki hayaonekani.

Inhela mbili, kazi mbili

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mtoto mwenye pumu ya mara kwa mara hupewa dawa za aina mbili.

Ya kwanza ni ya kufungua kifua. Iliyozoeleka ni salbutamo, na inhela yake mara nyingi ni ya rangi ya buluu. Hulegeza misuli ya mirija kwa dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Haiondoi uvimbe.

Ya pili ni ya kuzuia. Iliyozoeleka ni beklometasoni. Hii hutuliza uvimbe wenyewe, polepole, siku baada ya siku. Mtoto akiivuta leo hatasikia tofauti leo, na ndiyo maana wengi huiona haina kazi. Manufaa yake huonekana baada ya wiki: usiku unapita bila kikohozi, na mtoto anakimbia bila kusimama. Ukimya huo wa kifua ndio kazi ya dawa hiyo. Ikiachwa kwa sababu mtoto yuko sawa, uvimbe hurudi taratibu, na mzazi hutambua siku ya shambulio.

Rangi za inhela hutofautiana kwa kampuni, kwa hiyo soma jina, au mwombe mfamasia aandike kwa kalamu nene: KILA SIKU au WAKATI WA SHIDA.

Kuna pia vidonge na sharubati ya salbutamo. Ni rahisi kununua, lakini hufanya kazi polepole kuliko inhela, na kwa kuwa dawa huzunguka mwili mzima, mtoto hutetemeka mikono na moyo humwenda mbio. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja inapohitajika, kwa kipimo kidogo zaidi.

Hofu zinazosikika mitaani

"Inhela ikianzwa haiachwi." Inhela haina ulevi. Mtoto huendelea nayo kwa sababu ugonjwa upo, kama vile mtu asiyeona vizuri anavyoendelea na miwani. Pumu ikitulia kwa miezi kadhaa, daktari hupunguza kipimo hatua kwa hatua. Mzazi asipunguze peke yake.

"Inhela ni ya mgonjwa aliyefika mwisho." Ni kinyume. Inhela ya kuzuia ndiyo inayomzuia mtoto asifike huko.

"Dawa ya kuzuia inadumaza." Dawa hii ni ya jamii ya steroidi, na ni haki ya mzazi kuambiwa ukweli. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaoitumia hupungukiwa kama sentimita moja ya urefu. Pumu isiyotibiwa nayo hudumaza, humnyima mtoto usingizi, masomo na michezo, na huweza kumuua. Daktari huchagua kipimo kidogo kinachotosha. Mtoto asukutue mdomo kwa maji na kutema kila baada ya kuvuta dawa hii, ili asipate utando mweupe mdomoni.

"Mwenye pumu asicheze." Paula Radcliffe wa Uingereza aliishi na pumu tangu ujanani, na mwaka 2003 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake. Rekodi hiyo ilidumu miaka 16, hadi Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago mwaka 2019. Mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa anapaswa kukimbia, kucheza mpira na kupanda vilima kama wenzake. Akishindwa, hiyo ni dalili kwamba matibabu yanahitaji kuangaliwa upya.

Chupa ya nusu lita

Mtoto akiweka inhela mdomoni na kubonyeza, dawa nyingi hugonga ulimi na koo. Ndiyo sababu hutumiwa spesa, chupa inayokaa kati ya inhela na mdomo. Dawa hutulia ndani ya chupa, kisha mtoto huivuta kwa pumzi za kawaida. Mtoto mdogo huvuta kupitia kinyago kinachofunika pua na mdomo. Anayeweza kuelewa maagizo, kwa kawaida kuanzia miaka minne au mitano, hutumia mdomo moja kwa moja.

Spesa ya dukani ina bei. Lakini mwaka 1999 daktari wa watoto Heather Zar wa Afrika Kusini na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet majaribio waliyofanya kwa watoto wenye shambulio la pumu. Chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kuzibwa vizuri, ilifungua kifua sawa na spesa ya kiwandani. Kikombe cha plastiki nyepesi kilifanya vibaya zaidi.

Chupa hutengenezwa hivi. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita. Toboa kitako kwa waya uliopashwa moto, tundu liwe na umbo na ukubwa wa mdomo wa inhela. Ingiza inhela, kisha ziba pembeni kwa gundi au utepe ili hewa isitoke. Mtoto atavuta kupitia shingo ya chupa. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani, kwa maana kufuta huifanya plastiki inase dawa. Irudie kuiosha mara moja kila wiki. Mara ya kwanza, ipeleke kliniki ikaguliwe.

Namna ya kuvuta: tikisa inhela, mtoto akae wima, abane shingo ya chupa kwa midomo. Bonyeza mara moja tu, kisha avute na kutoa pumzi tano au sita polepole. Mpulizo wa pili ukihitajika, tikisa tena na urudie.

Jambo dogo linaloponza wengi ni inhela iliyokwisha. Nyingi huwa na mipulizo 200, na dawa ikiisha inhela bado hutoa upepo. Mtoto anayevuta mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni humaliza inhela kwa siku 50. Andika kwenye kasha tarehe ya kuanza na tarehe ya kununua nyingine.

Moshi, vumbi na unyevu

Dawa haiwezi kushinda jiko linalofuka kila jioni. Panapopikwa kwa mafiga na kuni, kauka kuni kabla ya msimu wa mvua, tengeneza bomba la moshi au dirisha la juu, na mtoto asikae jikoni wala asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Familia inayoweza kuhamia gesi, hata kwa chai na uji tu, imeshapunguza moshi. Jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala. Mbali na kuchochea pumu, hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Na sigara isivutwe ndani ya nyumba, hata mtoto akiwa shuleni.

Kieni, kuanzia Mweiga hadi Naromoru na kuelekea Nanyuki, adui wa kiangazi ni vumbi. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na pangusa kwa kitambaa kibichi. Upande wenye mvua nyingi, adui ni unyevu. Kuvu nyeusi ukutani na vidudu vidogo mno vinavyoishi kwenye magodoro na blanketi hustawi penye unyevu. Siku jua likitoka, fungua madirisha na uanike matandiko. Kuku, paka na mbwa wasilale chumba cha mtoto.

Kila mtoto ana kichocheo chake, na lile daftari ndilo litakalokionyesha. Hakuna haja ya kumnyima mayai, maziwa au maparachichi bila ushauri wa daktari.

Shambulio likija

Mketishe mtoto wima, usimlaze. Legeza nguo shingoni. Ongea naye kwa utulivu, maana hofu hubana pumzi zaidi. Mpe inhela ya kufungua kifua kwa chupa, mipulizo miwili, mmoja mmoja. Asipopata nafuu, rudia baada ya dakika 20. Ikiwa daktari alikuandikia mpango tofauti, fuata huo. Asipotulia baada ya mara tatu, au shida ikirudi upesi, mpeleke hospitalini.

Usingoje dakika 20 ukiona lolote kati ya haya: hawezi kuzungumza, kunyonya au kunywa; ngozi inaingia ndani kati ya mbavu au chini ya koo; midomo au kucha zimekuwa na rangi ya bluu au kijivu; amelegea au amesinzia isivyo kawaida; au kifua kilichokuwa kikilia filimbi kimenyamaza ghafla huku bado akihangaika. Ukimya huo si nafuu. Maana yake hewa haipiti. Anza safari mara moja na uendelee kumpa inhela njiani. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112.

Kila familia yenye mtoto wa pumu ijue mapema hospitali iliyo karibu inayopokea dharura usiku, na iwe na nambari ya mtu mwenye gari. Mambo hayo hayatafutwi saa nane za usiku.

Shuleni

Muhula wa pili huangukia kwenye baridi. Mzazi amweleze mwalimu wa darasa kwa maandishi: jina la dawa, namna ya kuitumia, na nambari ya simu. Shule za bweni zina sababu nzuri ya kufungia dawa, lakini inhela ya kufungua kifua isifungiwe ofisi ambayo ufunguo wake uko na mtu mmoja. Mtoto mkubwa aibebe mwenyewe. Ya mtoto mdogo ikae anapoweza kuifikia mwalimu au matroni yeyote, mchana na usiku. Mwenye pumu aondolewe zamu ya kufagia darasa lenye vumbi, na asiadhibiwe kwa kukimbizwa uwanjani asubuhi ya ukungu.

Maswali manne ya kila mwezi

Mzazi ajiulize, katika wiki nne zilizopita: Je, mtoto alipata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, aliamka au kukohoa usiku kwa sababu ya pumu? Je, alihitaji inhela ya kufungua kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, aliacha kucheza au kwenda shule? Jibu moja la ndiyo linatosha kumrudisha kliniki, hata kama tarehe yake haijafika. Jibu likiwa hapana kwa yote, endelea na dawa ya kuzuia kama ulivyoelekezwa.

Kwa ushauri, anza kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au zahanati iliyo karibu. Wanaohitaji uchunguzi zaidi huelekezwa hospitali za Karatina na Mukurwe-ini au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Nyeri. Ambaye bado hajajisajili na SHA apige *147# na kuwaandikisha watoto wake kama wategemezi, kabla ya ugonjwa kuja.

Wazazi na walezi, mkirudi nyumbani leo, fungueni kabati. Inhela ya kuzuia ikiwa humo na haijaguswa kwa wiki kadhaa, angalieni tarehe yake, mpelekeni mtoto kliniki wiki hii, na dawa irudi mahali ambapo mswaki wake unakaa, aivute asubuhi na jioni kabla ya kupiga mswaki.